Kikaango cha Baba Yenu

Mwezi uliopita mwenzangu kazini alikuja na kikaango cheusi kilichofungwa kwa gazeti. Alikuwa amekinunua kwa muuzaji wa vyombo vya mtumba, na alitaka kujua kama ni cha kale kweli au ameuziwa hadithi. Watu wa rika langu wamevipenda sana vyombo hivi vya chuma kizito siku hizi. Wanavigeuza, wanavipiga picha upande wa chini, wanatumiana kwenye simu na kuulizana: hiki ni cha enzi gani? Nilikipokea kwa mikono miwili, nikapitisha kidole gumba juu ya herufi zilizoinuka, kisha, bila kufikiri, nikakinusa. Wenzangu wakacheka. Sikuwajibu, kwa sababu harufu ile ya chuma kilichonyonya mafuta miaka mingi, yenye uchungu kidogo kama sarafu iliyoshikwa na mkono wenye jasho, ilikuwa imeshanitoa pale ofisini na kunirudisha mtaani Tassia, Nairobi, nikiwa na miaka minane, nimekaa juu ya debe kando ya lango la ploti yetu, na Mama anapika chapati.

Nyinyi mliokulia upande ule mnakumbuka jinsi Tassia ilivyojengwa huku watu wanaishi ndani yake. Ghorofa moja ilikuwa na wapangaji hadi juu, ya jirani yake imeishia kwenye nguzo zenye vyuma vilivyochomoza kama nywele zisizochanwa, na katikati yake kulikuwa na matope, kokoto, na mbuzi wa mtu fulani asiyejulikana. Sisi tulikaa chumba kimoja, Mama na mimi, Naliaka. Keateka, mwangalizi wa nyumba hizo za kupanga, alimruhusu Mama kuweka jiko lake la makaa kando ya lango, na kabla jua halijachomoza vizuri vibarua walikuwa wakipita kwa miguu kwenda Industrial Area, wengine wakitokea mtaa jirani wa Pipeline, wakisimama kunywa chai na kula chapati mbili wakiwa wima. Nilipenda sauti zao za asubuhi, nzito na za chini, kama watu wanaozungumza wakiwa bado wamejifunika blanketi.

Kikaango cha Mama kilikuwa kizito kiasi kwamba nilihitaji mikono yote miwili na goti ili kukihamisha. Wateja walikiita tawa, sisi tulikiita kikaango. Juu kilikuwa cheusi chenye kung'aa, na chapati ilipokigusa haikushika kamwe. Iliteleza kama mtoto kwenye sakafu iliyopigwa deki. Lakini mimi nilipenda zaidi upande wa chini. Mama alipokisugua kwa majivu jioni na kukiinamisha ukutani, nilikaa mbele yake na kukisoma kwa vidole. Kulikuwa na mviringo, na ndani ya mviringo namba 8, na kuizunguka herufi za lugha ambayo sikuijua, zimevimba na kupoteza ncha zake. Tena kulikuwa na mstari mmoja mwembamba ulioinuka, unaoanzia ukingoni, unapita kando ya ile 8, na kuishia karibu na mkono wa kushikia.

Mstari ule sikuushangaa. Mama alikuwa na wa aina hiyo chini ya kitovu, mahali alipopasuliwa siku niliyozaliwa, kwa hiyo niliona ni jambo la kawaida kikaango nacho kuwa kimewahi kwenda hospitali. Namba 8 ndiyo iliyonipa mawazo. Mimi nilikuwa na miaka minane. Niliamini kabisa kwamba kikaango kilikuwa kinahesabu umri wangu, na nilingoja kwa hamu siku ya kutimiza tisa ili nikigeuze nione.

Dada yake Mama, ambaye mimi nilimwita Mama Mkubwa, aliishi Pipeline, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Jina lake ni Nekesa, na la Mama ni Nasimiyu. Mama Mkubwa alishona nguo kwenye kiwanda, na nyumba yake ilikuwa na vitambaa vyeupe juu ya kila kiti, pazia lililopigwa pasi, na binti anayeitwa Nelima aliyekuwa rafiki yangu wa kwanza na wa pekee. Jumapili baada ya kanisa tulikula pamoja, wiki hii kwao, wiki ijayo kwetu. Mama Mkubwa alikuwa mrefu na mwenye sauti ya kuamuru, na Mama, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kadhaa, alipokuwa naye alirudi kuwa mtoto kidogo. Alicheka kwa mkono mdomoni. Nyumbani hakucheka hivyo.

Mambo yaliharibika Jumapili moja tukiwa kwa Mama Mkubwa. Kukhu, yaani bibi yetu, mama yao, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Mjomba Wafula, kaka yao mkubwa aliyebaki nyumbani Bungoma, alipiga simu kupanga siku ya kusakafia kaburi na kufanya maombi ya kumbukumbu. Mama Mkubwa aliiweka simu mezani kwa sauti ya juu ili wote tusikie. Mjomba alizungumza juu ya saruji, juu ya mchungaji, juu ya ng'ombe. Kisha akasema:

"Na kile kikaango cha baba. Hicho nataka kirudi nyumbani. Kikae bomani, watoto wa watoto wakione."

"Nitakileta," akasema Mama Mkubwa.

"Nitakileta," akasema Mama, wakati huohuo.

Wakatazamana. Mjomba akaendelea na habari za ng'ombe bila kujua alichokifanya.

Hadithi ya kikaango kile sote tuliijua. Babu yangu, ambaye mimi sikumkuta, alikuwa mpishi wa Mzungu fulani huko Kitale alipokuwa kijana. Mzungu alipoondoka nchini alimwachia kikaango cha chuma kilichotoka ng'ambo. Babu akakipeleka nyumbani kwa mkewe, na kijiji kizima kilikula chapati zake kila Krismasi. Baadaye babu alikuja Nairobi kufanya kazi kwenye kiwanda cha vyuma, akawa anarudi nyumbani mara chache kwa mwaka, hadi alipofariki. Kikaango kilibaki kuwa kitu pekee cha fahari katika jiko la Kukhu.

Simu ilipokatika, Mama Mkubwa aliinuka, akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa kitu kilichofungwa kwa leso mbili. Alikifungua polepole. Kilikuwa kikaango. Alikigeuza, nami nikaona mviringo uleule, 8 ileile, mstari uleule. Nilidhani kikaango chetu kimetutangulia kufika.

"Hiki ndicho mama alinipa siku ya harusi yangu," alisema Mama Mkubwa. "Kwa mikono yake. Akaniambia, hiki ni kikaango cha baba yenu."

"Na mimi alinipa changu nilipoolewa," alisema Mama. "Akaniambia maneno hayohayo."

"Hicho cha chapati? Si ulinunua?"

"Sijawahi kusema nilinunua. Wewe hukuwahi kuniuliza."

"Nasimiyu, wewe ulikuwa mdogo. Baada ya harusi yangu, kikaango hakikuonekana tena kwa jiko la mama. Kilienda wapi kama hakikuja na mimi?"

"Alikificha. Alikuwa ananiwekea."

Mama Mkubwa alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Ati mama akuwekee kikaango cha baba ukipikie watu wa mjengo chapati kando ya barabara."

Mama alisimama. Nilimwona akitafuta kamba ya pochi yake begani bila kuiona. "Afadhali mimi napikia," alisema. "Wewe umekizika kwa sanduku kama maiti."

Tulitoka bila kunywa chai. Nelima alinipungia mkono kutoka dirishani, nami nikampungia nikidhani tutaonana Jumapili ijayo. Njiani Mama alitembea haraka sana, akiongea na hewa. "Cha dada ni feki," alisema. "Kimetengenezwa tu hapa sokoni Gikomba. Feki kabisa."

Laiti angejua neno lile lilivyoniingia. Muda si mrefu kabla ya hapo gari lilisimama mbele ya duka la ploti ya jirani, na watu wakatoa dukani makatoni ya betri na sabuni wakisema ni feki. Mwenye duka, mtu mpole aliyenipa peremende mara kwa mara, alipandishwa gari akiwa na ndara miguuni, na duka likabaki limefungwa kwa kufuli tusilolijua. Kwa akili yangu, kitu kikiitwa feki mtu anachukuliwa. Nilimwonea Mama Mkubwa huruma. Kisha nikawaza: vikaango vinafanana kabisa. Je, wakikosea nyumba?

Zikafuata wiki za ukimya ambazo hadi leo nikizikumbuka nasikia jinsi chumba chetu kilivyokuwa kikubwa ghafla. Jumapili tulikula peke yetu. Mama hakumtaja dada yake, ila kila alipokisugua kikaango alikisugua kwa hasira, kana kwamba anataka kukifuta kitu. Mimi nilikaa kwenye debe langu nikiangalia barabara, na kila gari lililopunguza mwendo lilinifanya nisimame mbele ya jiko, nipanue sketi yangu, nikifiche kikaango. Mama alidhani naota moto. "Toka hapo utaungua," aliniambia.

Kitu kimoja sikukielewa kabisa. Mjomba alitaka kikaango cha kweli kirudi Bungoma na kisirudi tena Nairobi. Sasa kwa nini Mama alipigania chake kiwe cha kweli? Kama cha Mama Mkubwa ndicho cha kweli, yeye angebaki na chake na tungeendelea kupika. Nilimwuliza jioni moja alipokuwa anakanda unga.

"Mama, si umwambie tu Mama Mkubwa chake ndicho?"

Aliendelea kukandamiza ngumi zake ndani ya unga. "Wewe ni mtoto," alisema hatimaye. "Hujui kuzaliwa wa mwisho kulivyo. Kila kitu unapata kimeshavaliwa na mtu."

Nilidhani anaongea juu ya nguo. Ilinichukua miaka mingi, na kufiwa kwangu mwenyewe, kufahamu kwamba mtu aliyefiwa na mama yake anaweza kugombea hata hasara, ili mradi hasara hiyo ithibitishe kwamba alipendwa.

Aliyetutoa kwenye ukimya ule alikuwa Mama Mutua, jirani wa mlango wa pili, Mkamba mcheshi aliyenunua chapati kila asubuhi na kujua habari zote za ploti. Mume wake alikuwa mchongaji. Si wa vinyago vya watalii, ingawa alianzia huko kwao Ukambani. Yeye alichonga maumbo ya mbao kwa ajili ya kiwanda cha kumimina chuma. Umbo lake lilikandamizwa kwenye mchanga wenye unyevu, likiondolewa linaacha tundu la sura yake, na ndani ya tundu hilo kinamiminwa chuma kilichoyeyushwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na alipenda watu wamsikilize.

"Mzee wangu amekopi vikaango vya wazungu hadi amechoka," Mama Mutua alimwambia Mama. "Mahoteli wanaleta cha kale kimoja, wanataka kumi. Mwacheni avitazame vyote viwili. Mimi nitaenda kumwita dada yako. Mimi na yeye hatujagombana."

Na kweli akaenda. Jumapili iliyofuata, mchana, tulipanda juu ya paa mahali pa kuanikia nguo. Mama Mkubwa alikuja na leso zake mbili, na Nelima nyuma yake. Hatukuruhusiwa kucheza, lakini tulisimama karibu hadi mabega yetu yakagusana, na hilo lilinitosha. Upepo ulikuwa unapuliza mashuka. Baba Mutua alitandika gunia, akaviweka vikaango vyote viwili kifudifudi, akasugua viganja.

"Kwanza sahauni nani alipewa na nani," alisema. "Chuma hakijui harusi."

Mama Mkubwa alikunja uso. Baba Mutua hakumwona. Alishika kikaango cha Mama kwa mkono, akakining'iniza, akakigonga kwa kijiko. Kikalia kama kengele ya shule. Akagonga cha Mama Mkubwa. Kikalia vilevile.

"Vyote vizima. Kikiwa na ufa kinalia kama debe." Akavigeuza na kupitisha kiganja ndani yake. "Sasa, vile vya kale vya ng'ambo vilisuguliwa ndani kwa jiwe kabla ya kuuzwa, ndiyo unavipata laini kama sahani. Mama Naliaka, chako ni laini, lakini hiyo ni kazi ya chapati. Gusa hapa ukingoni, mahali mwiko haufiki. Unasikia chembechembe? Huu ni mchanga wa kiwanda, haukusuguliwa kamwe. Na hiki cha dada yako pia. Gusa."

Mama aligusa. Mama Mkubwa aligusa. Vidole vyao vilikuwa juu ya chuma kimoja kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Tuje kwa herufi. Fundi wa kwanza aliyechonga maneno haya aliyachonga makali, ungeweza kujikata. Hizi zimevimba kama zimeandikwa kwa uji. Herufi huvimba hivi zikikopiwa."

"Na hiyo nane?" niliuliza. Sauti ilinitoka yenyewe.

"Hiyo ni saizi. Majiko ya kizungu ya zamani yalikuwa na matundu juu, na kila tundu lina namba yake."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kikaango hakikuwa na habari na umri wangu. Niliumia kidogo, lakini hapakuwa na nafasi ya kuumia, kwa sababu Baba Mutua alikuwa amekiweka kikaango kimoja juu ya kingine, mdomo kwa mdomo, na kuzungusha kidole kwenye mahali vilipokutana.

"Chuma kikipoa husinyaa," alisema. "Ukikopi kikaango, cha pili lazima kiwe kidogo kuliko cha kwanza. Kidogo tu, lakini lazima. Sasa ona, hivi vinalingana sawasawa. Kwa hiyo hakuna kilichokopiwa kutoka kwa mwenzake. Na namba nane ya ng'ambo mimi naijua kwa mikono yangu. Ni pana kuliko hivi." Alivuta pumzi, akatutazama mmoja mmoja, akifurahia. "Hakuna kikaango cha Mzungu hapa. Vyote viwili ni nakala."

"Unamaanisha ni feki?" aliuliza Nelima.

Hapo ndipo nilipoangua kilio. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikamkumbatia Mama miguuni, nikasema msiwaambie, msiwaambie watu wa gari, watamchukua Mama na Mama Mkubwa pamoja, na wote wawili wana ndara tu. Ilichukua muda watu wazima kunielewa. Walipoelewa, Mama Mutua alikuwa wa kwanza kucheka, akashika kamba ya nguo ili asianguke. Kisha Mama akacheka, mkono mdomoni, kile kicheko chake cha zamani. Mama Mkubwa aliinama akanifuta uso kwa ncha ya leso.

"Hakuna mtu anachukuliwa," alisema. "Nyamaza, mama. Hakuna mtu."

Nadhani kama nisingelia wangeondoka pale, kila mmoja na kikaango chake na uchungu wake. Lakini Mama Mkubwa alikuwa ameshachutama karibu na gunia, na macho yake yakatua kwenye ule mstari.

"Baba Mutua, na huu ufa?"

"Huo sio ufa," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua majivuno. "Hicho ndicho kitu kimenishangaza tangu mwanzo. Ufa huingia ndani. Huu umepanda juu, pitisha ukucha. Na uko kwa vyote viwili, mahali palepale, na kupinda kulekule. Unajua ni nini? Kile cha kwanza, cha Mzungu, kilikuwa kimevunjika vipande viwili. Mtu akaviunganisha kwa nta, akakikandamiza kwenye mchanga kikiwa kimeungwa hivyo, mara mbili. Nta ilikuwa imevimba kidogo kwenye mshono, na chuma kikachukua kila kitu. Huyo mtu alikuwa fundi wa kumimina. Na hakufanya kwa biashara, kwa sababu mtu wa biashara angeulainisha mshono."

Shuka moja lilipigwa na upepo likatulia. Mama Mkubwa alibaki amechutama, ukucha wake ukipita juu ya mstari, ukirudi, ukipita.

"Mama alilia," alisema.

"Nani?" aliuliza Mama.

"Mama yetu. Nilikuwa sijaanza shule. Baba alikuwa amekuja likizo. Asubuhi nilimkuta mama jikoni, anafagia maji yaliyomwagika, analia. Kulikuwa na mvuke kila mahali. Halafu baba akaondoka kabla ya siku yake, amebeba gunia lenye kitu kizito, na mama akamsindikiza hadi njiani bado analia. Mimi nilidhani wamegombana. Nilidhani baba ametuacha." Ukucha wake ulisimama juu ya mstari. "Nilikaa nikijua hivyo hadi Krismasi. Krismasi akarudi na lile gunia, na kulikuwa na chapati, nikasahau. Sikuwahi kumwuliza mama. Hata nilipokuwa mtu mzima sikumwuliza, niliogopa jibu."

"Maji baridi," alisema Baba Mutua kwa upole. "Alikimwagia kikiwa moto. Kinapasuka papo hapo, paa!"

"Babu si alikuwa anatengeneza misumari?" aliuliza Nelima.

"Tulisema hivyo sisi watoto," alijibu mama yake. "Hatukujua."

Mama alikuwa amekaa chini kwenye gunia. "Mimi nilikuwa wapi siku hiyo?" aliuliza.

"Mgongoni mwa mama. Ulikuwa unalia pia. Ulikuwa mchanga kabisa."

Na hivyo ndivyo tulivyopata umri wa vikaango vile. Hapakuwa na mwaka ulioandikwa popote. Vilimiminwa Mama alipokuwa mtoto wa mgongoni, na Mama Mkubwa msichana mdogo aliyesimama mlangoni mwa jiko akielewa vibaya.

"Vipande vya kile cha kwanza vilienda wapi?" Mama aliuliza baada ya muda.

Baba Mutua aliinua mabega. "Siwezi kuapa. Lakini kiwandani hatutupi chuma. Kilichovunjika kinarudi tanuruni. Kama ni mimi, ningekiyeyusha na kukirudisha ndani ya hivi."

"Hiki ni kikaango cha baba yenu," alisema Mama, akiyarudia maneno ya Kukhu polepole, kana kwamba anayaonja. "Dada, mama hakutudanganya. Sisi ndio tulisikia cha Mzungu. Yeye alisema cha baba."

Hawakukumbatiana, dada hawa hawakuwa watu wa kukumbatiana. Mama Mkubwa alianza kukifunga kikaango chake kwenye leso, kisha akasita, mikono ikiwa hewani.

"Nikikipikia, kitashika?"

"Mwanzoni kitashika," alisema Mama. "Kina kiu. Inabidi ukilishe mafuta, ukipashe, ukiache kipoe, ukilishe tena. Lete. Nitakuonyesha."

Walishuka wakaenda langoni, wakawasha jiko ingawa ilikuwa Jumapili, na jioni nzima ploti yetu ilinuka chuma na mafuta. Chapati ya kwanza ya Mama Mkubwa ilishika ikatoka vipande, ya pili pia. Mimi na Nelima tulikula vipande hivyo kwa furaha isiyo na kifani. Mjomba Wafula alipigiwa simu akaelezwa yote, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza dada wawili walizungumza pamoja. Kisha akasema, "Basi njooni navyo vyote viwili. Na mrudi navyo."

Siku ya kumbukumbu tuliwasili Bungoma kukiwa na umande. Saruji ya kaburi ilikuwa bado ya rangi ya majivu. Baada ya maombi Mama na Mama Mkubwa waliingia katika jiko la Kukhu, wakawasha meko mawili, wakakaa kwenye vigoda bega kwa bega, kila mmoja na kikaango chake. Watu walikuwa wengi na chapati zilitoka moja baada ya nyingine. Mimi na Nelima tulikuwa tunazipeleka nje kwenye sinia.

Bibi mmoja jirani, rafiki wa Kukhu tangu walipoolewa pale, aliingia akijishikilia ukutani kutafuta joto. Alisimama akavitazama vikaango, kimoja halafu kingine, akaelekeza fimbo yake kwenye cha Mama. Aliongea Kibukusu, na Mama Mkubwa alinitafsiria baadaye mambo ambayo sikuyashika.

"Hiki ndicho kile cha ghalani?"

"Kipi cha ghalani, bibi?" aliuliza Mama.

"Kile mama yako alikuwa anakificha juu, kwenye mahindi. Dada yako alipoondoka na cha jikoni, mimi nilimwambia, shusha hicho kingine ukipikie, utapikia kwenye sufuria hadi lini? Akakataa. Kila mvua ikikaribia alikuwa anakishusha, anakipaka samli kisishike kutu, anakifunga, anakirudisha. Kila mwaka. Akasema hapana, hiki ni cha mdogo, tunamngoja." Bibi alicheka hadi akakohoa. "Na wewe Nasimiyu ulivyochelewa kuolewa! Samli ya nyumba hii yote ililiwa na chuma."

Mama aliigeuza chapati iliyokuwa mbele yake, akaigeuza tena, kisha tena, macho yake yakiwa motoni, hadi Mama Mkubwa aliponyoosha mkono akamtolea kabla haijaungua.